Koma na Mzee Aliye Hai: Fani na Maudhui ya Kumbukumbu za Wahenga Kwale

Fasihi ya kuwakumbuka mababu na mabibi katika pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Diani hadi Msambweni, aghalabu huhakikiwa kana kwamba yawahusu wafu peke yao. Mhakiki huyatazama matambiko na tanzia, kisha huamua kwamba maudhui yake ni heshima kwa waliotangulia. Uamuzi huo ni nusu ya kweli.

Kwa Wadigo, kama kwa Wamijikenda wenzao, koma ni roho ya marehemu, na kaya ni msitu unaoaminiwa kuwa makao ya wahenga. Lakini maneno ya kuwaita wahenga hao, hata katika Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani, yamo vinywani mwa wazee walio hai. Fani hiyo haisimami bila msemaji, wala haidumu bila kijana wa kumsikiliza. Desturi ya kumpa mjukuu jina la babu yake yathibitisha jambo hilo: kumbukumbu hutiwa ndani ya mtu aliye hai, ikatajwa kila siku, si siku ya hitima tu. Hata methali yasema "penye wazee haliharibiki neno". Haisemi "palipokuwa na wazee".

Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza misitu ya kaya, Kinondo ikiwamo, katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2009 mila za kaya hizo ziliingizwa katika orodha nyingine: ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Orodha hizi mbili zafaa kusomwa pamoja. Ya kwanza yasifu mahali. Ya pili yaonya kwamba usemi wa mahali hapo wafifia.

Fauka ya hayo, katika Kwale na Kilifi wamekuwapo wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi. Mvi zinazosifiwa katika tanzia ndizo zilizogeuzwa ushahidi dhidi ya wenyewe walipokuwa hai. Tanzia inayolinyamazia jambo hilo yaweza kuwa na fani safi, lakini maudhui yake yana kasoro.

Basi mtafiti anayekusanya ngano Msambweni asiridhike na hadithi pekee. Na aandike pia utani wa bibi na mjukuu, maswali ya mtoto na majibu ya mzee. Humo ndimo kumbukumbu inamozaliwa, kabla haijahitaji tanzia.