Picha Imetakata, Sauti Je?

Ndugu msomaji, kama umewahi kuingia banda la video, wewe mwenyewe ni shahidi. Picha ikicheza, watu wanavumilia. Ikiingia mistari, wanavumilia. Rangi ikigeuka kijani kitupu hadi stelingi akaonekana kama mgonjwa wa manjano, bado wanavumilia. Lakini sauti ikatike, hata nusu dakika! Banda zima litalipuka: "Sauti! Sauti!" Na mwenye banda atakimbilia nyaya kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua.

Hapa kwetu Maposeni, jirani na Peramiho, jioni moja kioo cha runinga kilizima katikati ya sinema, giza tupu, lakini spika ikabaki inaongea. Hakuna aliyetoka. Tulikaa kimya tunasikiliza kama wazee wetu walivyokuwa wakisikiliza michezo ya redio, na jamaa mmoja akawa anatueleza nani sasa anampiga nani. Siku nyingine mambo yakawa kinyume: picha safi kama maji ya kisima, spika imekufa. Robo saa haikufika, watu wakawa mlangoni wanadai hela zao.

Basi kwa siku hizo mbili mimi nilijifunza uhakiki kuliko nilivyojifunza darasani. Na ndizo zilizonijia kichwani niliposoma habari ya tamthiliya moja ya Marekani iliyosafishwa upya kwa gharama na jasho, halafu ikaja kuharibikia kwenye sauti.

Nasema juu ya Star Trek: The Next Generation. Najua kuna msomaji atakayeguna, "Hayo ya Wazungu na vyombo vya anga yanatuhusu nini?" Yanatuhusu, bwana. Star Trek ile ya kwanza kabisa, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1966, ilikuwa na dada mmoja mweusi, Nichelle Nichols, akiigiza kama Luteni Uhura. Jina hilo lilitokana na neno letu "uhuru". Katika sehemu ya kwanza kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966, Kiswahili kilisikika humo. Na kazi ya Uhura chomboni ilikuwa nini? Mawasiliano. Kifaa sikioni, anapokea sauti za mbali na kuwaeleza wenzake kimesemwa nini. Nichols alifariki mwaka 2022, ila mimi kila nikiwaza juu ya sauti kwenye sanaa namkumbuka yeye: mtu mwenye jina la Kiswahili ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza.

The Next Generation ilikuja baadaye, kuanzia 1987 hadi 1994, sehemu 178 kwa misimu saba. Humo yumo LeVar Burton, yule yule aliyekuwa Kunta Kinte kijana katika Roots ya mwaka 1977. Safari hii hana minyororo, ni fundi mkuu wa chombo. Mimi nilianza kuitazama kwa diski za kuazima, kwenye runinga ya spika mbili, na sikuwa najua kwamba ng'ambo ilikwishaoshwa ikatolewa upya.

Tuanze na sifa, maana mhakiki asiyesifu ni mchawi tu. Tamthiliya ile ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, filamu nzuri. Lakini ili kuokoa muda na fedha, waliihariri kwenye mikanda ya video, na chombo kinachopaa, nyota na mizinga ya mwanga vyote vikaunganishwa humo kwenye video. Kwa hiyo nakala iliyokamilika ilikuwa dhaifu kuliko malighafi yake. Kutaka picha kali kulimaanisha kurudi stoo, kutafuta filamu zile halisi, kuzikata na kuziunga upya sehemu baada ya sehemu, na kuunganisha tena zile picha za angani. Ni sawa na kuambiwa ujenge upya nyumba ile ile, tofali kwa tofali, na mwenye nyumba asijue umebadilisha nini. Wakaifanya. Msimu wa kwanza ukatoka kwenye Blu-ray mwezi Julai 2012, na kazi ikaisha mwaka 2014.

Sasa njoo kwenye sauti. Nayo ilitengenezwa upya, ikapanuliwa kutoshea mtambo unaoitwa 7.1, yaani spika saba zimezunguka kochi na moja ya besi. Katika mpangilio huo kila spika ina kazi yake. Ya katikati mbele ndiyo kwa kawaida hubeba maneno ya waigizaji, za pembeni hubeba muziki na vishindo, na za nyuma hukufanya ujione umekaa ndani ya chombo. Msimu wa kwanza ulipotoka, wanunuzi wakaanza kulalamika, na kampuni ya CBS ikakiri: kwenye baadhi ya sehemu chaneli za mbele zilikuwa zimepangwa vibaya. Mwenye mtambo mkubwa hakupata sauti kama ilivyokusudiwa. Ikabidi watengeneze upya diski ya kwanza, ya tatu na ya nne, na kuwapelekea wanunuzi bila malipo.

Hebu tulitazame kosa lenyewe vizuri, kwa sababu hapo ndipo penye utamu. Sauti haikupotea. Ilikuwemo diskini, ila iliketi kiti kisicho chake. Na mimi nadai kwamba kosa la namna hii ni baya kuliko ukimya. Sauti iliyokatika utaigundua mara moja, utapiga kelele na wenzako. Iliyokaa pasipo pake inakuchosha polepole, na wewe unadhani umechoka mwenyewe, au kwamba mwigizaji ndiye mbovu.

Tena kwa tamthiliya hii kosa lilikuwa kubwa kuliko ambavyo lingekuwa kwa sinema ya ngumi. The Next Generation ni mchezo wa maneno. Patrick Stewart, kapteni wao, alitoka jukwaani, kwenye kikundi cha Royal Shakespeare Company, na anaongea kama mtu anayejua kila neno lina uzito wake. Sehemu iitwayo The Measure of a Man, ya mwaka 1989, kwa sehemu kubwa ni kesi tu: je, Data, mtu wa mashine, ni mali ya jeshi la anga, au ana haki ya kukataa kufunguliwa vipande vipande? Watu wamekaa chumbani wanabishana, na mtazamaji jasho linamtoka. Ukiondoa picha za nyota hapo hupotezi kitu. Ondoa maneno uone kama kuna kinachobaki.

Wapo watakaosema namwonea fundi, kwamba kosa dogo lilitokea, likarekebishwa, yameisha. Nakubali nusu. Kukiri na kubadilisha diski ni uungwana, na sisi wengine hatuujui. Lakini jambo walilofanya vizuri kuliko yote ni jingine: kwenye diski zile zile waliiacha pia sauti ya zamani ya spika mbili. Ukiichoka mipango ya spika saba, unashika rimoti na kurudi kwenye asili. Kwa maneno mengine, mwenye runinga ya kawaida aliyechagua sauti ya zamani hakuguswa na balaa lile. Aliyepatwa ni yule wa mtambo mkubwa. Dunia nayo ina vichekesho vyake.

Sasa turudi nyumbani, maana kucheka mwiba wa mguu wa jirani si kazi. Filamu zetu ngapi umetazama ambamo mama anamlilia mwanawe, na kinanda kinalia zaidi ya mama? Ngapi ambamo stelingi anatamka siri ya hadithi nzima, na upepo unavuma kwenye maiki hadi siri inabaki yake na upepo? Na hakuna anayekuletea diski ya pili. Tunanunua taa, tunanunua kamera, tunaazima gari la kifahari la kuigizia, halafu sauti tunaiachia Mungu.

Aliyeelewa jambo hili mapema alikuwa Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyekuwa akitafsiri sinema za kigeni kwa Kiswahili. Alishusha sauti ya asili akapandisha yake, akasimulia, akaeleza, akatia na vichekesho. Wasomi wanaweza kusema aliharibu kazi za watu, na ni kweli kwamba waigizaji wale walizikwa chini ya sauti ya mtu mmoja. Lakini Lufufu alijua banda linataka nini. Alijua kwamba picha bila neno linaloeleweka ni kalenda ya ukutani. Kosa lake, kama ni kosa, alilichagua mwenyewe na kulisimamia. Si la kupitiwa.

Na sisi tunaoandika? Hapa naomba nijitaje mwenyewe, kwa aibu kidogo. Nina riwaya ninayoiandika tangu nimalize sekondari. Rasimu ya kwanza iko kwenye madaftari manne ya mistari, imejaa mafuta ya taa na makosa. Mwaka uliopita nikaamua kuisafisha. Nikaondoa maneno ya mtaani, nikanyoosha sentensi, nikaeleza milima na mawio hadi nikajipongeza. Jioni moja nikamsomea bibi yangu sura mbili. Bibi hakusoma sana, ila hadithi anazijua kuliko mimi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu:

"Mjukuu wangu, hapo anayesema ni nani?"

Nikamwambia, ni yule mzee mvuvi, bibi.

"Na pale mwanzo?"

Yule mwalimu.

"Mbona wote ni wewe?"

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimeosha picha, na kwenye kuosha nikayapanga maneno ya watu wangu kwenye spika moja, ya kwangu. Mvuvi anaongea kama barua ya serikali. Mwalimu anaongea kama mvuvi aliyevaa tai. Sauti zote zimo, hakuna iliyokatika, ila kila moja imekaa kiti cha mwenzake. Nikayafungua yale madaftari ya zamani. Humo, katikati ya makosa, mvuvi bado anaongea kama mvuvi. Bahati yangu sikuyachoma.

Kwa hiyo, washikaji wa kalamu, ushauri wangu wa toleo hili ni mfupi. Safisha kazi yako, ndiyo, usituletee uchafu. Lakini rasimu ya kwanza usiitupe, iwe ndiyo sauti yako ya spika mbili ya kurudia siku mipango mikubwa ikikugeuka. Na kabla hujamtumia mhariri, msomee mtu mmoja asiyekuogopa, na umsomee kwa sauti. Akiuliza "anayesema ni nani?", usibishane naye. Hilo ndilo banda linapiga kelele: "Sauti! Sauti!" Kimbilia nyaya.

Mimi mwenyewe niko sura ya tatu. Mvuvi ameanza kupata sauti yake. Mwalimu bado.