Sauti za Beach Boys Baada ya Kilele

Beach Boys walianza kuimba pamoja mwaka 1961 katika mji wa Hawthorne, California. Walikuwa ndugu watatu wa tumbo moja, Brian, Dennis na Carl Wilson, pamoja na binamu yao Mike Love na rafiki yao Al Jardine. Kwa watu wengi habari yao inakomea 1966, mwaka wa albamu ya Pet Sounds na wimbo wa Good Vibrations, uliofika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza. Baada ya hapo zilitoka albamu zaidi ya kumi na tano, na kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa makombo ya karamu iliyokwisha. Wapenzi wa kundi hilo wamekuwa wakiikatia rufaa hukumu hiyo, albamu moja baada ya nyingine. Walichofanikiwa kukiokoa zaidi si nyimbo zenyewe, maana nyingine ni dhaifu kweli. Ni ufundi wa kupanga sauti, na hasa namna ufundi huo ulivyotoka kichwani mwa mtu mmoja ukaingia kooni mwa wenzake.

Mwenye ufundi alikuwa Brian, kaka mkubwa, ambaye sikio lake la kulia lilikuwa karibu halisikii kabisa. Ujanani alizisikiliza santuri za Four Freshmen, kundi la waimbaji wa mtindo wa jazi, akizifumua kipande kwa kipande kwenye piano hadi ajue kila mwimbaji anashika noti gani. Kisha akawafundisha nduguze vivyo hivyo. Aliyewahi kukaa kwenye mazoezi ya kwaya anaijua kazi hiyo: mwalimu huimbisha besi mpaka ikae, ndipo ahamie sauti ya tatu, na waliobaki husubiri huku wakinong'ona. Chini kabisa alikaa Mike Love. Katikati walipangwa Carl, Dennis na Al, wakaongezewa Bruce Johnston mwaka 1965. Juu alipaa Brian mwenyewe kwa sauti nyembamba ya kichwani. Wakishamaliza waliimba tena juu ya mkanda uleule, kila sauti ikajirudufu na kunenepa. Noti walizopewa hazikuwa zimeachana kama katika nyimbo nyingi za kanisani. Zilikaribiana hadi zikasuguana, na msuguano huo ndio unaomsisimua msikilizaji. Undugu nao ulisaidia, kwa sababu watu waliokulia nyumba moja hutamka irabu kwa namna moja, na irabu zikilingana sauti huungana bila mshono.

Mwaka 1967 mambo yaliharibika. Brian alikuwa akijenga albamu iitwayo Smile, kwa maneno ya mshairi Van Dyke Parks, akirekodi vipande vifupi vifupi vya kuja kuunganishwa baadaye. Vipande havikuungana, naye akaiacha kazi. Badala yake ikatoka Smiley Smile, iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa nyumbani kwake Bel Air kwa ogani, piano iliyolegea nyuzi, na ala chache nyingine. Waliosubiri ghorofa wakaonyeshwa kibanda. Albamu ilifika nafasi ya 41 Marekani, na kwa kuwa kundi lilikuwa limejitoa pia katika tamasha la Monterey mwezi Juni, vijana waliokwenda na wakati wakaamua kwamba Beach Boys ni wa jana.

Leo kibanda hicho kina wakazi wake. Ala zilipopungua, sauti zilibaki hazina nguo, na ndipo inaposikika jinsi zilivyoshonwa. Wind Chimes inamalizikia kwa sauti zinazofuatana polepole na kwa chini sana, hadi msikilizaji hulazimika kuongeza sauti ya redio ili azipate. Katika She's Goin' Bald sauti za binadamu zimepitishwa kwenye mtambo unaozipandisha juu bila kubadili mwendo wa wimbo. Ni mzaha, lakini ni mzaha wa fundi anayejua chombo chake kinavumilia nini. Rekodi za Smile zilipotolewa rasmi mwaka 2011, ilitarajiwa kwamba Smiley Smile, ndugu yake mdogo, angesahaulika. Badala yake ulinganisho ulimpa sura: mmoja alijengwa kwa okestra, mwingine kwa pumzi.

Friends, ya Juni 1968, ilianguka vibaya zaidi. Ilikomea nafasi ya 126. Mwaka huo Martin Luther King na Robert Kennedy waliuawa, vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na muziki wa roki ulikuwa umejaa magitaa yenye kunguruma. Katikati ya hayo kundi likaleta nyimbo kumi na mbili za kama dakika 25, kuhusu urafiki, kuzaliwa kwa mtoto na raha ya kutofanya lolote. Wa kwanza una sekunde 38 tu. Katika Busy Doin' Nothin' Brian anamwelekeza mgeni njia ya kufika kwake, kona kwa kona, juu ya mdundo wa bosanova. Wakati ule ilionekana kama watu waliofunga madirisha mtaa ukiungua. Kwa anayesikiliza sasa, mtaa umeshatulia na kilichobaki ni kazi yenyewe: mizani ya tatu inayoyumba kama bembea, na sauti zinazofanya kazi ya fidla na tarumbeta kwa mvumo na "aa" tu. Brian mwenyewe, miaka ya baadaye, aliitaja miongoni mwa albamu alizozipenda zaidi.

Humo ndimo pia alimochomoza Dennis kama mtunzi, kwa nyimbo mbili alizoandika na Stephen Kalinich. Dennis alikuwa mpiga ngoma, kaka wa katikati, na pekee kati yao aliyeteleza juu ya mawimbi kwa ubao kweli. Hakuna aliyemtarajia. Hapa ndipo rufaa ya wapenzi inapopata ushahidi wake mzito. Brian alikuwa ameanza kujitenga, akidhoofishwa na maradhi ya akili na dawa za kulevya, na karakana ikabaki kwa wanafunzi. Carl, mdogo kuliko ndugu zake wote, ndiye aliyezidi kushika usukani wa studio. Msikilizaji anayetafuta mkono wa Brian peke yake katika albamu hizi hukata tamaa haraka. Anayesikiliza jinsi Carl anavyoziweka sauti, akifuata alichofundishwa lakini akiwa na subira zaidi, hupata mengi.

Sunflower ya 1970 haihitaji tena wakili, ingawa ilikomea nafasi ya 151. Fundi mitambo Stephen Desper aliirekodi kwa uangavu ambao kundi halikuwa nao kabla, na Forever ya Dennis ni wimbo wa mapenzi usio na neno la ziada. This Whole World, usiotimiza hata dakika mbili, ni darasa zima. Do inahama mara kwa mara, wimbo unaondoka nyumbani, unazunguka vyumba kadhaa, kisha unarudi, na mwimbaji wa kawaida hagundui kwamba alitoka. Surf's Up ya 1971 ilirudisha kundi hadi nafasi ya 29. Ina 'Til I Die, ambamo Brian anajiona mdogo mbele ya bahari huku sauti za wenzake zikimzunguka kama maji yenyewe.

Kwa Holland, ya Januari 1973, mitambo ya studio ilisafirishwa kutoka California hadi kijiji cha Baambrugge, Uholanzi. Gharama hiyo haikuwa na maana yoyote ya kibiashara. Jambo la maana lilikuwa kwamba familia ilikuwa imefungua mlango mwaka uliotangulia kwa vijana wawili wa Durban, Afrika Kusini, Blondie Chaplin na Ricky Fataar, waliotoka katika bendi ya The Flames. Chaplin ndiye anayeongoza Sail On, Sailor. Sauti yake ina changarawe ambayo hakuna Wilson aliyekuwa nayo wakati huo, na kiitikio kinaipokea bila kuilainisha.

Miaka minne baadaye changarawe ilikuwa ya Brian mwenyewe. Love You ya Aprili 1977 ndiyo albamu inayowagawa watu zaidi, na haielekei kwamba watapatana. Karibu nyimbo zote ni za Brian, na sehemu ya besi imeachiwa sintesaiza inayovuma kama nyuki ndani ya debe. Sigara na maisha mabovu vilikuwa vimeikwaruza sauti yake, na ile nyembamba ya juu haikuwepo tena. Maneno ni ya kitoto: kuna wimbo kuhusu sayari na mwingine kuhusu Johnny Carson, mtangazaji wa televisheni. Huo wa Carson ni vigumu kuutetea mbele ya wageni. Albamu ilikomea nafasi ya 53, wakati 15 Big Ones, iliyojaa nyimbo za watu wengine na isiyo na roho, ilikuwa imefika ya 8 mwaka mmoja nyuma.

Hata hivyo, anayesikiliza mpangilio badala ya umbo la sauti hugundua kwamba akili ya fundi ilikuwa nzima. Alipopoteza ghorofa ya juu, alihamishia uzito chini. Sauti za mikwaruzo, yake na ya Dennis, amezitumia kama mbao ambazo hazijapigwa randa, akaziegemezea sauti ya Carl ambayo ilikuwa bado safi. Katika The Night Was So Young Carl anaongoza, na nyuma yake sauti zinarundikana kwa njia ileile ya Four Freshmen. Wanaoiita albamu nzima kazi ya kipaji kisicho na dosari wanatia chumvi. Wanaoiita takataka hawajafika wimbo huo.

Baadhi ya rekodi hazikuokolewa, na si kwa kukosa waokoaji. M.I.U. Album ya 1978, iliyorekodiwa katika chuo cha wafuasi wa Maharishi, mwalimu wa kutafakari, huko Iowa, ina sauti zilizopangwa vizuri juu ya nyimbo zisizo na la kusema. L.A. ya 1979 inabeba disko la zaidi ya dakika kumi lililofumwa upya kutoka wimbo wa 1967, na waliokuwa wakiruka sindano hapo walikuwa na haki. Waliruka, wakarudi kwenye Good Timin', ya Brian na Carl, ambamo ufundi wa zamani umekaa sawasawa. Kokomo ya 1988, bila Brian, ilishika nafasi ya kwanza Marekani. Summer in Paradise ya 1992, pia bila yeye, haikuingia hata kwenye chati ya albamu 200 za Billboard.

Rufaa hizi zilisaidiwa na vitu vya kushikika. Mwaka 1990 albamu za miaka ya 1960 zilianza kutolewa upya mbili mbili katika sidii moja. Mwaka 1997 mkusanyiko wa vikao vya Pet Sounds ulitoa sauti peke yake, ala zikiwa zimezimwa, na watu wakazoea kusikiliza hivyo. Vikao vya Friends vilifuata 2018, na mwaka 2021 Mark Linett na Alan Boyd wakaandaa Feel Flows, sidii tano kuhusu Sunflower na Surf's Up. Hatari ya makusanyo haya ni kumfanya mpenzi athamini kikohozi cha studio kuliko wimbo uliokamilika. Faida yake ni kwamba sauti ya tatu, ile isiyoimbwa na mtu yeyote bafuni, hatimaye inasikika.

Dennis alizama baharini Marina del Rey mwezi Desemba 1983, na Carl akafariki kwa saratani Februari 1998. Waliobaki walipokutana kwa albamu ya mwisho ya nyimbo mpya, That's Why God Made the Radio ya 2012, hapakuwa na Wilson wa kuifikia sauti ya juu. Aliisaidia Jeffrey Foskett, ambaye aliingia bendi ya ziara mwaka 1981 na kujifunza sehemu hizo jukwaani. Brian, aliyefariki Juni 2025, alikuwa ndiye mtayarishaji wa albamu hiyo, akiwa na umri wa karibu miaka 70, na bado aliwapangia sauti wenzake.