Spotilaiti za Hilux ya Nyanchwa na Umeme Unaporudi

Ukifunga spotilaiti kwenye Toyota Hilux ya miaka ya 1990 kwa kufuata mchoro wa kwenye boksi la relei, usishangae zikifanya kinyume: dereva akiweka dimu zinawaka, akiweka fuli zinazimika. Wengi wakifika hapo huilaumu relei na kununua nyingine. Nayo ikifanya yale yale, huiondoa kabisa na kuziunga taa moja kwa moja kutoka betri hadi swichi ya dashibodi. Mwenye pikapu ninayoichambua hapa ni mbeba ndizi wa Nyanchwa, si fundi kwa kazi, na yeye alikataa kuishia hapo. Alitaka kujua kwa nini. Jibu alilolipata ndilo lililoifanya kazi yake iwe bora kuliko nyingi zinazotoka gereji za kulipia, kwa maana lilimwonyesha pia kwa nini taa zake kubwa zilikuwa hafifu tangu siku aliponunua gari.

Nyanchwa ni kilima kilicho ubavuni mwa mji wa Kisii, kinachojulikana zaidi kwa kanisa na shule za Waadventista. Nyanda hizi ziko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya mwaka hupita milimita 1,500. Mzigo wa ndizi wa kwenda Nairobi hupandia Keroka, ukapita Sotik, Bomet na Narok, na sehemu kubwa ya safari ni usiku, kwenye kona, miteremko na ukungu. Mwanga hapo si pambo. Tena maji hayo yanayostawisha migomba na chai huingia kwenye kila kiungo cha waya kilichozungushiwa tepu tu, na baada ya misimu michache shaba iliyo ndani inageuka kijani na kukatika kwa kugusa.

Turudi kwenye kitendawili. Katika magari mengi, swichi ya taa hukata na kuunga upande wa chanya, na upande wa hasi wa balbu umefungwa kwenye chasisi daima. Hilux nyingi za kizazi hicho zimepangwa kinyume. Balbu ya H4 ina pini tatu. Taa zikiwashwa, pini ya pamoja hupokea chanya kupitia fyuzi, na mbili zilizobaki, moja ya fuli na moja ya dimu, husafiri hadi swichi iliyo kwenye nguzo ya usukani. Swichi hiyo ndiyo inayochagua uzi upi wa balbu upelekwe ethi, yaani kwenye hasi ya chasisi. Kwa maneno mengine, Toyota hapa wanaikata njia ya kurudi.

Sasa mtazame fundi anayefuata mchoro. Relei ya kawaida ina namba nne zinazotokana na kanuni ya Kijerumani ya DIN 72552: 85 na 86 ni ncha za koili, 30 ni mahali umeme mkubwa unapoingilia, na 87 ni unapotokea. Anaunga 86 kwenye waya wa fuli na 85 kwenye chasisi. Dereva akiwa kwenye dimu, waya wa fuli haujapelekwa ethi, lakini umeshikana na chanya kupitia uzi wa fuli ndani ya balbu. Koili inahitaji umeme mdogo sana, kama moja ya tano ya ampea, na uzi ule unaupitisha bila shida. Relei inavuta, spotilaiti zinawaka. Akiweka fuli, waya ule ule unapelekwa ethi, koili inakuwa na hasi pande zote mbili, relei inaachia. Relei haina kosa lolote.

Mwenye pikapu aliligundua hilo kwa taa ya kupimia ya bei rahisi. Alichomoa soketi za balbu zote mbili, akawasha dimu, akabana klipu ya taa ya kupimia kwenye hasi ya betri: pini moja tu ikawaka. Kisha akaihamishia klipu kwenye chanya, na pini ya dimu, iliyokuwa kimya, ikawaka. Kipimo hiki cha pili ndicho mafundi wengi hawakifanyi. Taa ya kupimia iliyobanwa kwenye hasi inaonyesha palipo na chanya tu. Haina namna ya kukwambia palipo na ethi nzuri, na kwenye gari la namna hii nusu ya habari iko upande huo.

Baada ya hapo dawa ilikuwa nyepesi. Ncha moja ya koili aliiunga kwenye pini ya pamoja yenye chanya, na ya pili kwenye waya wa fuli. Kwenye dimu pande zote mbili za koili zina chanya, hakuna kinachotembea. Kwenye fuli upande mmoja unashuka hadi ethi na relei inavuta pamoja na taa kubwa. Katikati ya mstari wa koili akaweka swichi ndogo ya dashibodi, ili aweze kuzizima spotilaiti kabisa akiwa mjini. Kwa kuwa swichi hiyo inabeba umeme wa koili pekee, waya mwembamba unaitosha. La maana zaidi ni kwamba anapokutana na gari au bodaboda kwenye kona akashusha dimu, spotilaiti nazo zinazimika zenyewe. Anayeziunga moja kwa moja kwenye betri anamwachia dereva mikono miwili kazi ya mikono mitatu, na anayelipa ni yule anayekuja mbele akiwa amepofuka.

Upande wa nguvu nao ulifanywa kwa hesabu. Spotilaiti mbili za wati 55 ni wati 110. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 9 na kidogo. Aliweka waya wa milimita 2.5 za mraba na fyuzi ya ampea 15, na fyuzi yenyewe akaiweka kiasi cha shubiri moja kutoka betri. Umbali huo una sababu. Sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina ulinzi, na betri ya pikapu ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Nimeona fyuzi zimefungwa vizuri kabisa chini ya dashibodi, huku mita mbili za waya zikiwa zimetangulia, zimepita tundu la bati lenye makali bila hata mpira.

Alikataa pia waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mnene, ambao unapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Mtikisiko wa barabara huuvunja ndani kwa ndani huku ganda likionekana zima, na ganda lenyewe, kwa kawaida, limeundwa kuvumilia nyuzi 70 za joto tu. Karibu na injini joto huzidi hapo.

Ila kazi iliyonivutia zaidi ni ile ambayo hakuipanga. Alipojua kwamba umeme wote wa taa kubwa unarudi kupitia swichi ya usukani, alielewa unyonge wa taa zake. Chukua waya wa milimita 1.25 za mraba wenye urefu wa mita 5 na ampea 10 za taa mbili: waya peke yake unakula takriban volti 0.7. Ongeza swichi iliyochakaa na soketi zenye kutu, unapoteza volti moja na zaidi kabla balbu haijapata haki yake. Na mwanga wa balbu ya halojeni haupungui sawa na volti, unaporomoka kwa kasi zaidi: punguza volti kwa asilimia 10 na mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Wengi hujibu unyonge huo kwa kununua balbu za wati 100. Zinavuta umeme zaidi kwenye waya ule ule, hasara inakua, swichi inachemka, na soketi za plastiki zinayeyuka.

Yeye alibaki na balbu zake za 60/55. Aliweka relei mbili karibu na taa, moja ya fuli na moja ya dimu, ambazo kazi yake ni kuunga ethi palepale mbele ya gari. Nyaya za zamani za swichi sasa zinaamuru koili tu. Njia ya kurudi iliyokuwa mita kadhaa imekuwa waya mnene usiofika mita moja, uliofungwa kwenye bati lililosuguliwa kwa msasa hadi liking'aa, likakazwa kwa boliti na washa yenye meno, kisha likapakwa grisi ili maji yasiingie. Kwa shilingi chache, hili ndilo badiliko lililoleta mwanga mwingi zaidi kwenye gari lile, na hata wewe usiyetaka spotilaiti unaweza kulifanya.

Nyuma ya pikapu palikuwa na ugonjwa wa ukoo huo huo. Bodi hukaa juu ya chasisi kwa boliti, na boliti za gari linalobeba ndizi mbichi hazikosi kutu. Ukikanyaga breki ukaona indiketa zinang'aa kidogo, au taa za usiku zinafifia, usianze kubadilisha balbu. Umeme wa breki umekosa ethi na unatafuta njia ya kurudi kupitia nyuzi za balbu nyingine. Hapa aliukata ubishi kwa waya mmoja kutoka taa za nyuma hadi chasisi, bila kutegemea boliti za bodi.

Yapo mawili ambayo ningemwomba ayarekebishe. Relei zake zimefungwa pini zikitazama juu, na kwa mvua ya Kisii maji yatatuama humo. Zigeuzwe pini zitazame chini. Jingine ni taa ya LED ya wati 10 aliyoiweka kwenye bodi kwa ajili ya kupakia mzigo alfajiri. Taa hiyo haifiki ampea moja, na waya wake ni mwembamba, lakini imepewa fyuzi ya ampea 15 kama spotilaiti. Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya, na waya ule utaungua kabla fyuzi hiyo haijakatika. Ya ampea 3 inatosha.