Kumtoa Mpiga Besi Ndani ya Kanda

Wapiga magitaa wa kwaya na bendi waliifanya kazi hii kwa sikio, miaka mingi kabla ya kompyuta. Kanda inachezwa, inarudishwa nyuma, inachezwa tena. Sikio linawapita waimbaji, linazipita tarumbeta, linashuka mpaka kwenye besi na kukaa hukohuko. Noti moja iliyofunikwa na tumba iliweza kula jioni nzima. Kwa njia hiyo nyimbo za bendi za dansi za Mlimani Park na Msondo ziliingia kwenye vidole vya vijana wasiowahi kuwaona wapigaji wenyewe.

Siku hizi zipo programu za kuifanya kazi hiyo. Mwaka 2019 Deezer ya Ufaransa ilitoa Spleeter bure, na watafiti wa Facebook wakatoa Demucs. Mwaka 2023 dunia nzima ilisikia matunda ya ufundi wa aina hiyo: sauti ya John Lennon, iliyokuwa imezama na piano ndani ya kanda aliyojirekodia nyumbani, ilitolewa safi kwa ajili ya wimbo “Now and Then” wa The Beatles.

Programu kama Spleeter huikata sauti katika vipande vifupi mno, ikapima katika kila kipande nguvu ya milio mizito na miembamba, kisha ikakisia kila mlio ni wa nani. Ukisiaji huo imefundishwa. Mkusanyo mashuhuri wa kufundishia, MUSDB18, una nyimbo 150, nyingi za pop na rock za Magharibi, na kila wimbo umegawanywa mafungu manne: mwimbaji, dramu, besi na “nyinginezo”. Hapo ndipo dansi letu linapoumia. Solo, solo ya pili na gitaa la rithimu, magitaa yanayojibizana wimbo mzima, yote yanasukumwa kwenye fungu la nyinginezo. Isitoshe, bendi zilizorekodi Radio Tanzania zilipiga kwa pamoja, kwa hiyo maikrofoni ya mwimbaji ilinasa na wenzake.

Fundi wa kweli huanzia pale programu inapoishia. Huyaunganisha tena mafungu yote, akayatoa kwenye wimbo wa asili, akasikiliza mabaki, kwa sababu kilichobaki ndicho kilichopotea njiani. Halafu hulisikiliza kila fungu peke yake, akiutafuta mkia wa saksafoni ulioganda kwenye koo la mwimbaji. Wimbo ukifika kwenye chemko, sehemu ya kuchezea, anakwenda sekunde chache chache. Kumtenga mpiga solo na mpiga rithimu kunamrudisha kwenye ujuzi uleule wa zamani: kujua kila mkono unapiga nini na kwa nini. Uvumilivu huo naustahi sana. Hauonekani popote katika kazi iliyokamilika.

Lakini sisi wa Kanazi, tulio karibu na mpaka wa Tanzania na Burundi, tuna mfano unaoushinda hata ufundi huo. Burundi kuna inanga ya kunong'ona. Mpigaji anacharaza uzi mmoja uliopitishwa kwenda na kurudi juu ya ubao uliochimbwa hadi ukawa nyuzi kadhaa, huku akinong'ona maneno. Mnong'ono hauna tuni. Ni pumzi iliyopewa umbo la maneno. Nyuzi ndizo zinazopanda na kushuka, na Kirundi, ndugu wa karibu wa Kihangaza chetu, ni lugha ya toni. Msikilizaji anasikia mtu akiimba. Mtafiti Cornelia Fales aliandika juu ya jambo hilo mwaka 2002: tuni ya inanga inahamia kwenye mnong'ono ndani ya sikio la anayesikiliza.

Sasa mtenganishe mwimbaji huyo na inanga yake. Upande mmoja unapata pumzi, upande wa pili nyuzi, na uimbaji haupo kokote, maana haukuwahi kukaa kwenye kanda. Fundi anayelitambua hilo mapema akaacha kukata, namweka juu ya wote.

Mwenye kanda ya inanga nyumbani, awe Kanazi, Rulenge au ng'ambo ya Ruvubu, aihamishie kwenye kompyuta kama ilivyo, na mikwaruzo yake yote, kabla programu yoyote haijaigusa. Nakala hiyo ya kwanza isichujwe na isifutwe.