Mchanga Ndio Unaoamua Dume na Jike

Kasa anayepanda usiku ufukwe wa Msimbati, jirani na Madimba, hahitaji kuchunguzwa ili ijulikane ni dume au jike. Ni jike. Dume akishaingia baharini siku ya kuanguliwa, ni nadra mno kukanyaga tena nchi kavu. Majini, katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, dume mzima hutambulika kwa mkia: mnene, mrefu, umechomoza nyuma ya gamba. Mkia wa jike ni mfupi.

Kobe wa nchi kavu wanaofugwa uani nao hupimwa kwa mkia, lakini tumbo ndilo linalosema zaidi. Mara nyingi gamba la tumboni la dume limebonyea, ili akimpanda jike asiteleze. La jike ni bapa. Mfugaji asishangae kobe wake wa pekee akitaga. Jike hutaga hata asipopandwa, ingawa mayai hayo hayaanguliwi, na aliyepandwa zamani anaweza kuwa bado amehifadhi mbegu za dume. Anachohitaji ni udongo laini wa kufukua. Akiukosa, anaweza kuyazuia mayai tumboni hadi augue.

Kwa watoto wa kasa, alama hizo zote hazipo. Aliyeanguliwa leo hana mkia wa kumtofautisha, na huchukua miaka zaidi ya 20 kukomaa. Wala jinsia yake haikuamuliwa siku wazazi walipokutana. Mwaka 1966, huko Dakar, mtafiti Madeleine Charnier alionyesha kwamba joto la mayai ya mjusi huamua jinsia ya watoto, na baadaye ikathibitika kuwa kasa nao wako hivyo. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili, na theluthi ya katikati ndiyo yenye uamuzi. Joto likizunguka nyuzi 29 za Selsiasi, madume na majike hukaribiana kwa idadi. Likizidi hapo, majike huongezeka. Likipungua, madume huongezeka. Ndiyo maana kivuli cha mti, mvua za masika na kina cha shimo vina uzito mkubwa.

Mama mwenyewe hulipima shimo kwa mwili wake. Mapezi ya nyuma huchota mchanga kwa zamu, moja likichota na jingine likisubiri, hadi yasifike tena chini. Hapo hudondosha mayai meupe, mviringo, yenye ganda laini, mara nyingi zaidi ya 100, kisha hufukia na kushindilia. Baada ya wiki mbili hivi anaweza kurudi kutaga tena, mara kadhaa kwa msimu.

Kiota kikiwa chini ya mstari wa maji kujaa, wahifadhi hukihamisha, na hapa ndipo ufundi unapohitajika. Kazi hufanywa ndani ya saa chache, kwa sababu kiinitete hujishikiza upande wa juu wa ganda. Yai likigeuzwa baada ya hapo, kiinitete kinaweza kufa. Shimo jipya lazima lifanane na la mama kwa kina na umbo. Likiwa fupi kwenye mchanga usio na kivuli, watoto wanaweza kutoka wengi, karibu wote majike.

Hatari hiyo imeshaonekana kwingine. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 kuhusu kasa wa kaskazini mwa matumbawe makuu ya Australia ulikuta wale ambao hawajakomaa karibu asilimia 99 ni majike. Kwa hiyo kuhesabu watoto waliofika majini hakutoshi. Kila kiota kinachohamishwa kingestahili kipimajoto ndani yake, na joto lake liandikwe pamoja na idadi ya mayai.

Ukikuta kiota Msimbati au kwingineko pwani, usikifukue wala usichukue yai. Toa taarifa kwa hifadhi au serikali ya kijiji siku hiyo hiyo.