Fanani Asiyeonekana: Uhakiki wa Utendaji wa Wanamuziki wa Awali wa Kantri katika Redio WSM ya Nashville, 1925–1941

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili, redio huzungumziwa kwa namna mbili: ama kama ghala linalohifadhi sanaa ya mapokeo, ama kama chombo kinachoidhoofisha. Mitazamo yote miwili inachukulia kwamba sanaa hiyo ilikwisha kukamilika kabla ya kufika mbele ya kipaza sauti. Historia ya muziki wa kantri kusini mwa Marekani inatoa ushahidi mwingine. Huko, katika miaka ya 1920, vituo vya redio vya mijini havikupokea tu mapokeo ya vijijini. Vilishiriki kuamua kipi kiitwe mapokeo, nani aonekane kuwa mrithi wake na nani asionekane. Makala haya yanauchunguza utendaji huo kupitia kituo cha WSM cha Nashville, Tennessee, na hasa kupitia mpigaji harmonika DeFord Bailey, ambaye katika maisha yake ya usanii mvutano huo ulijitokeza bila kificho.

Mulokozi (1989) anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Redio ya awali iliuvunja mwingiliano huo kwa namna ya pekee. Fanani alikuwa studioni na hadhira yake ilitawanyika majumbani, hivyo mahali pakagawanyika; lakini wakati haukugawanyika, kwa kuwa matangazo yalikwenda hewani moja kwa moja. Hapo ndipo redio ilipotofautiana na santuri. Upande mmoja wa santuri ya inchi kumi ulibeba takriban dakika tatu, nayo ilirudiwa kila mtu alipotaka. Utendaji wa redioni ulirefuka au kufupika kadiri ya kipindi, kisha ukatoweka. Wahakiki wanaoegemea santuri pekee, na ni wengi, wanahakiki masalia huku wakidhani wanahakiki utendaji.

WSM haikuwa ya kwanza. Mwaka 1922 mpiga fidla Fiddlin' John Carson alisikika katika WSB, kituo cha gazeti la Atlanta Journal, na mwaka uliofuata ndipo kampuni ya Okeh ilipomrekodi. WBAP ya Fort Worth ilirusha ngoma za vijijini kuanzia Januari 1923, na WLS ya Chicago ikaanzisha kipindi chake cha namna hiyo mwaka 1924. Kutoka WLS ndiko alikotoka mtangazaji George D. Hay alipohamia WSM, kituo kilichofunguliwa Oktoba 5, 1925 na kampuni ya bima ya National Life and Accident. Novemba 28 mwaka huohuo Hay alimweka mbele ya kipaza sauti mzee Uncle Jimmy Thompson, mpiga fidla wa miaka 77, akisindikizwa kwa piano na mpwa wake, Eva Thompson Jones. Walitumbuiza kwa saa moja, na telegramu zikamiminika zikiomba nyimbo zaidi.

Telegramu hizo zinastahili kuzingatiwa zaidi kuliko ilivyozoeleka. Katika utendaji wa ana kwa ana, hadhira humjibu fanani kwa makofi, vigelegele, kiitikio au kwa kunyanyuka na kuondoka, na fanani huurekebisha utendaji wake papo hapo. Kwa WSM jibu la hadhira lilikwenda kwanza kwa mwenye kituo. Yeye ndiye aliyelisoma, akalitafsiri, kisha akamweleza fanani kile ambacho hadhira inataka. Na mwenye kituo huyo alikuwa muuza bima: herufi za jina la WSM zenyewe zilitokana na kaulimbiu ya kampuni iliyojisifu kuwakinga mamilioni. Hivyo, msikilizaji alikuwa pia mteja aliyetarajiwa kununua bima, na ladha yake ilipimwa kwa jicho hilo.

Matokeo yake yanaonekana katika majina na mavazi. Kiongozi wa mojawapo ya makundi ya mwanzo, Humphrey Bate, alikuwa tabibu aliyesomea Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Hay alilibandika kundi lake jina la Possum Hunters, yaani wawindaji wa posamu, mnyama mdogo wa porini. Kundi jingine likaitwa Fruit Jar Drinkers, wanywaji wa mitungi ya matunda, fumbo ambalo kila msikilizaji wa enzi za marufuku ya pombe alilielewa kuwa ni gongo. Wanamuziki waliopigwa picha za mwanzo wakiwa na suti na tai walipigwa upya wakiwa na ovaroli na kofia za mkulima. Ajabu ni kwamba mavazi hayo yalibuniwa kwa ajili ya chombo kisichoonyesha mavazi! Peterson (1997) anaichambua hali hii kama utengenezaji wa uhalisi, na hoja yake ina nguvu. Hata hivyo inaegemea zaidi upande wa tasnia na soko, na inamwacha fanani akiwa kama kibonzo kinachovishwa. Muziki wenyewe haukuwa wa kughushi. Thompson alizipiga nyimbo alizozibeba tangu ujana wake katika karne ya 19. Kilichobuniwa ni fremu ambayo nyimbo hizo zilisikilizwa ndani yake, na kwa fanani mmoja fremu hiyo ilikuwa finyu kuliko kwa wengine.

DeFord Bailey alizaliwa mwaka 1899 katika wilaya ya Smith, Tennessee. Alipooza kwa polio akiwa na miaka mitatu na akabaki mfupi wa kimo. Babu yake alikuwa mpiga fidla mashuhuri, na Bailey mwenyewe aliuita urithi wake muziki wa vijijini wa watu weusi. Kwa maneno mengine, hakujiona mgeni katika muziki ambao WSM iliutangaza kama mali ya wazungu wa milimani. Mwaka 1928 alisikika katika majuma 49 kati ya 52, zaidi ya msanii mwingine yeyote wa kipindi hicho.

Kwa mujibu wa simulizi ya Hay (1945), usiku mmoja wa Desemba 1927 kipindi chake kilifuata matangazo ya muziki wa kitaaluma yaliyoongozwa na Walter Damrosch, ambaye alikuwa amesema kwamba uhalisia hauna nafasi katika muziki wa aina hiyo, kabla ya kuwasilisha kipande kinachoigiza mwendo wa treni. Hay akajibu kwa kumwita Bailey apige "Pan American Blues", nayo inaigiza treni, kisha kwa utani akakipa kipindi jina la Grand Ole Opry. Simulizi hii imerudiwa mno, na kila inaporudiwa jina la kipindi hupewa uzito kuliko kazi iliyolizaa. Ikichunguzwa kifani, kazi hiyo ni muundo uliopimwa kwa uangalifu. Pumzi zinazoingia na kutoka zinageuzwa kuwa mapigo ya injini; kasi inapanda hatua kwa hatua; sauti ya king'ora inakaribia, inapita, kisha inafifia. Ni tanakali sauti iliyopanuliwa ikawa utungo mzima. Bailey alikuwa amekwisha kuirekodi New York kwa kampuni ya Brunswick mwezi Aprili 1927, miezi minane kabla ya usiku huo. Hay aliposifu uhalisia unaochipuka ardhini, alimsifu Bailey kwa namna iliyomnyang'anya ubunifu wake: Damrosch aliwasilisha utunzi, Bailey akaachiwa kuwa treni.

Hewani rangi ya ngozi haikuonekana, na inaelezwa kwamba wasikilizaji wengi hawakujua kuwa Bailey ni mtu mweusi hadi walipomwona ziarani, katika miji ambako alipiga jukwaa moja na wazungu lakini akanyimwa chumba cha hoteli na meza ya chakula. Sauti isiyo na mwili huwaachia wasikilizaji kazi ya kuuumba mwili huo. Afrika Mashariki ina mfano wake, ijapokuwa chombo kilikuwa gramafoni: santuri za Jimmie Rodgers, ambaye naye aliwahi kutumbuiza katika kituo cha WWNC cha Asheville mwaka 1927, ziliwafikia Wakipsigis wa Kenya, na mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko wimbo wa wasichana unaomtaja "Chemirocha", kiumbe nusu mtu nusu paa. Wasichana wa Kipsigis walijaza pengo hilo kwa njozi yao wenyewe. Kwa Bailey, pengo lilijazwa na desturi ya ubaguzi iliyokuwepo tayari, nayo ilimchukulia kila mpigaji wa muziki huo kuwa mzungu hadi ithibitike vinginevyo.

Mwaka 1941 Bailey aliachishwa kazi. Mwanzoni mwa mwaka huo vituo vya redio vilikuwa vimegoma kurusha nyimbo zilizosimamiwa na ASCAP, chama cha watunzi, kutokana na mgogoro wa malipo. Baadhi ya nyimbo za Bailey zilikuwa chini ya chama hicho, na akatakiwa alete mpya. Hay aliandika baadaye kwamba Bailey alikuwa mvivu, anayejua nyimbo chache na asiyetaka kujifunza nyingine. Bailey alieleza kinyume: kwa miaka mingi alitakiwa arudie nyimbo zilezile kwa kuwa ndizo zilizopendwa, kisha akafukuzwa kwa kuzirudia.

Uhakiki hauwezi kuzipokea kauli hizi mbili kama maoni yenye uzito sawa. Shutuma ya Hay inampima fanani kwa idadi ya matini, kipimo cha mchapishaji wa vitabu vya nyimbo. Katika utendaji simulizi umahiri hupimwa kwa jinsi utungo uleule unavyoumbwa upya kulingana na tukio. Hakuna anayemshutumu mganaji wa utenzi mmoja kwamba ni mvivu. Tena, kituo kilichokuwa kikizisoma barua za hadhira ndicho kilichoziomba nyimbo hizo juma kwa juma, hata baada ya mwaka 1932 kilipopanda hadi wati 50,000 na kusikika majimbo mengi. Uchache wa nyimbo ulikuwa agizo la kituo, na ulipogongana na hakimiliki, gharama yake ikawekwa mabegani mwa fanani.

Bailey aliendelea kupiga viatu rangi katika duka lake mjini Nashville. Alirudi katika jukwaa la Opry mwaka 1974, akafariki mwaka 1982, na akaingizwa katika Country Music Hall of Fame mwaka 2005. Maelezo yake kwa upana, yaliyotokana na mazungumzo aliyofanya uzeeni na David Morton, yalichapishwa na Morton na Wolfe mwaka 1991, miaka 46 baada ya kitabu cha Hay.