Rangi Moja ya Mwanga

Katika kazi zote za kemia, ninayoistahi zaidi hufanyika wodini, juu ya kitanda cha kichanga, chini ya taa ya bluu.

Chembe nyekundu za damu zinapovunjika hubaki bilirubini, rangi ya manjano yenye atomu 4 za nitrojeni katika kila molekuli. Ini la kichanga huelemewa nayo. Bilirubini yenyewe imejikunja, sehemu zake zinazopatana na maji zimefumbatwa ndani, kwa hiyo haitoki kwa urahisi. Ikizidi sana huingia kwenye ubongo, na mtoto anaweza kubaki kiziwi au mwenye ulemavu wa viungo.

Mwanga wa nanomita 460 hadi 490 hivi ukiifikia, kifungo kimoja kinageuka na mkunjo unafunguka. Haiongezwi atomu wala haipunguzwi. Molekuli imekaa vingine tu, na ini linaipitisha kwenye nyongo. Waliotumia leza kuufuatilia mgeuko huo walikuta unakwisha ndani ya pikosekunde chache, yaani sehemu chache za sekunde moja iliyogawanywa mara trilioni. Ninachokipenda ni kwamba hapa hakuna moto wala nguvu. Kuna kuchagua rangi inayofaa.

Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliwaonyesha madaktari kichanga aliyekuwa ametolewa juani: ngozi imepauka, isipokuwa pembe moja iliyofunikwa na shuka, ambayo ilibaki manjano. Jicho hilo la muuguzi ndilo lililoanzisha tiba nzima.

Huku Nyamigogo, upande wa Ngara na Biharamulo, wapo akina mama wanaomtoa kichanga nje asubuhi jua likiwa bado pole. Hawajakosea, bluu hiyo imo juani. Ila jua lina pia miale ya kuunguza, na halina kipimo. Mtoto wa manjano anahitaji hospitali, hasa manjano ikionekana siku ya kwanza.

Huko nesi mzoefu hadanganywi na weusi wa ngozi. Anatazama weupe wa macho, anabonyeza fizi, anageuza viganja na nyayo. Kisha anamvua mtoto nguo, anamfunika macho, anaweka taa kwa umbali uliopangwa na kumgeuza kila baada ya muda. Ikifika utumboni, sehemu ya bilirubini hujikunja upya na kuweza kurudi damuni. Ndiyo maana anamhimiza mama anyonyeshe mara kwa mara, choo kitoke mapema.